Kadi Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 13 Januari

Asilimia kumi na nne. Kompyuta inapandisha video tangu nimalize kuswali alfajiri. Nimepika anjera, nimefua, nimeanika, nimefagia ua. Nikarudi kuangalia: kumi na saba.

Fundi alileta net hii mpya wiki iliyopita. Ile ya zamani ilikuwa ya spidi kumi, nikaivumilia miaka. Hii ni ya hamsini. Nimejinyima mengi niipate. Sasa hamsini yenyewe iko wapi? Nimepima mara nne leo. Tisa na nukta. Tisa na nukta. Tisa na nukta. Tisa.

Video ni ya harusi ya wale watu wa Banissa, upande wa wanawake. Dada mkubwa wa bibi harusi yuko ughaibuni, hakuweza kuja, na alilia kwenye simu hadi nami nikalia. Nimemwahidi Jumamosi. Kuipeleka saiba, kwenye kompyuta za kukodi, siwezi. Wanawake wamevua hijabu, wanacheza, na kazi yangu yote katika mji huu imesimama juu ya neno moja: picha za Nimo haziondoki nyumbani kwa Nimo ila kwa mwenyewe. Siku kijana wa saiba akiona bega la mke wa mtu, nifunge kamera nikauze malimau.

Nina hasira. Bora niimalizie hapa kuliko mbele za watu.

Jumanne, 14 Januari

Nimezima ruta, nimewasha. Nimezima kompyuta, nimewasha. Nimefungua kasha lake, nimepuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Limetoka vumbi la Garissa nzima. Nimeweka draiva mpya ya kadi ya mtandao. Saa tatu kazi hiyo tu, na joto hili.

Tisa na nukta.

Nikafungua ukurasa wa ruta, ile orodha ya vifaa vinavyotumia net. Viko vitatu. Kompyuta yangu. Simu yangu. Na simu ya habaryar Ubah.

Ubah ni jirani, ukuta kwa ukuta. Mjane, mtu wa Balambala, rafiki wa marehemu mama. Namwita habaryar, mama mdogo, ingawa yeye na mama hawakuzaliwa tumbo moja. Net alipewa na mama, mimi sikuulizwa. Mama alisema kisima hakifungwi kwa jirani, na net ni kisima tu ambacho hakionekani. Hata paswadi mama ndiye aliyeichagua: Adey, jina la mbuzi wake mweupe, na tarakimu tatu. Fundi nilimwambia aiache hiyo hiyo.

Mwanawe Ubah, Bashir, anaendesha malori nchi ya baridi huko mbali. Mkewe ana mimba, siku zimetimia. Kwa hiyo mama mtu yuko kwenye video kutwa. Namsikia kutoka hapa nilipo, na kile Kiswahili chake cha sokoni anachokipenda hata kwa mwanawe. "Bashir, onyesha mimi tumbo." Halafu kicheko.

Ndiyo hivyo. Hamsini yangu inaliwa na tumbo la mkwe wa Ubah.

Alhamisi, 16 Januari

Vigelegele nyuma ya ukuta kabla sijafungua macho vizuri. Mtoto wa kike.

Ubah alikuja mwenyewe na kidumu cha njano cha maziwa. Kila asubuhi huja na maziwa ya ngamia, yanaletwa na binamu zake kutoka Balambala. Yananukia moshi wa lile kaa wanalosafishia chombo. Mama alipenda harufu hiyo, mimi nimeizoea tu. Leo Ubah hakukiweka kidumu mlangoni akaondoka. Aliingia, akakaa, akanishika mikono yote miwili.

Bashir amemwachia jina. Siku ya saba, Jumatano, watachinja huko, sheikh atakuwepo, na bibi atalitamka jina kwenye video, wote wanaona, wote wanasikia. Ameshalichagua. Dahabo. Jina la mama yake aliyekufa yeye akiwa mdogo, hata picha yake hana. "Dahabo narudi kwa nyumba, hooyo," akaniambia, akiniita mama kwa Kisomali kama wazee waitavyo watoto, na macho yamejaa.

Nikampa hongera. Zilikuwa za kweli. Nilifurahi naye kabisa.

Alipotoka nikageukia kompyuta. Video imekatika kwenye sitini na moja. Inaanza upya. Nilipiga meza hadi chai ikamwagika.

Ijumaa, 17 Januari

Nimebadilisha paswadi.

Nilifanya saa za swala ya Ijumaa, mtaa umetulia. Dakika mbili tu. Nikaangalia orodha: vifaa viwili. Moyo ulinidunda kama wa mwizi, nami niko kwenye kiti changu na ruta ni yangu.

Ni siku chache tu. Video ikifika nitamrudishia. Sijamnyang'anya kitu.

Nimepima. Tisa na nukta nane. Jana ilikuwa nukta sita. Naona inapanda.

Jumamosi, 18 Januari

Video imefika. Haikukatika hata mara moja. Yule dada ameniandikia dua za ukurasa mzima.

Basi nilikuwa sahihi. Ni yeye aliyekuwa anaila.

Ningemrudishia leo, lakini kuna sherehe ya pili ya watu hao hao, ya siku ya saba ya bibi harusi, faili kubwa kuliko ile ya kwanza. Wanaitaka Jumatano. Nikimaliza hiyo.

Jumapili, 19 Januari

Ubah alikuja alasiri. Hakukuja na maziwa, ya asubuhi nilikuwa nimeshapata. Alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Nimo, hooyo, net iko lala?"

Nikamwambia imeharibika. Nikasema hata mimi nahangaika. Nikaongeza kwamba fundi hapokei simu. Fundi gani? Sijampigia fundi yeyote.

Alinitazama kidogo. Kisha akasema Allah afanye wepesi, akaenda zake akiburuta ndara.

Mama alikuwa akisema uongo wangu huonekana masikioni, yanakuwa mekundu. Leo nilikuwa nimejifunga shungi. Nilishukuru shungi. Mtu anashukuru shungi kwa kumfichia uongo! Naona aibu kuandika, lakini nisipoandika hapa nitaandika wapi.

Jumatano, 22 Januari

Nilisahau kwamba ndiyo leo. Hapana. Sikusahau. Nilijifanya nimesahau.

Faili ilikuwa themanini na mbili. Saa kumi hivi nikamsikia Ubah uani kwake. Nikachungulia dirishani. Amevaa dirac ya sherehe, ile ya kijani, na marashi yake yamevuka ukuta. Ameinua simu juu kwa mikono miwili, anazunguka ua akitafuta mahali mtandao unashika. Alikuwa ametia bando. Mtandao wa simu mtaani kwetu saa hizo ni dua tu.

"Bashir? Bashir, nasikia mimi? Bashir, ngoja!"

Ningeweza kuita kupitia dirishani. Neno moja na tarakimu tatu. Hata kuinuka haikuhitajika.

Niliangalia kompyuta. Themanini na tatu.

Nikakaa.

Aliita "ngoja" mara nyingi. Halafu nikasikia akisema Alhamdulillah, polepole, mara moja. Sijui kama ni ya furaha.

Faili ilifika magharibi. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 23 Januari

Kidumu kilikuwa mlangoni saa ile ile.

Nilimfuata kabla hajafika kwake. Nikauliza ilikuwaje, sauti yangu nyembamba. Akasema picha iliganda. Sheikh wa huko alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda, hawezi kusubiri. Bashir alisubiri, alimwomba sheikh, akasubiri tena. Mwishowe mama wa mke, aliyekuwa amekaa pale pale, akaombwa yeye. Mtoto anaitwa Sumaya.

"Jina mzuri," Ubah akasema. "Ni jina ya shahidi ya kwanza."

Jina zuri, kweli, la mwanamke wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Uislamu. Halina kosa lolote jina hilo.

Nikachemsha maziwa. Nikamimina kikombe. Nikakitazama hadi yakafanya utando. Nikamwaga, nami mama alinifundisha kwamba maziwa hayamwagwi. Kidumu nimekirudisha na tende ndani, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Tende! Nimelilipa jina la Dahabo kwa tende.

Ijumaa, 24 Januari

Leo nimejua, na afadhali nisingejua.

Bando langu la kupigia simu liliisha, nikabaki na simu isiyo na kazi. Tangu fundi alete net mpya simu imekuwa kwenye orodha ya ruta, lakini naitumia kupiga na kupokea tu, kazi zote nafanya kwenye kompyuta. Nikafungua video ya mtu anafundisha mapishi, nikijua itazunguka kama kawaida. Ikafunguka papo hapo. Nikafungua nyingine. Papo hapo. Nikapima spidi kwenye simu.

Arubaini na nane.

Nikapima kwenye kompyuta, chumba kile kile, dakika ile ile. Tisa na nukta sita.

Nilikaa sakafuni. Net ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Tatizo liko hapa chini ya meza yangu.

Nikafungua mipangilio ya kadi ya mtandao. Sio draiva, ndani zaidi, mahali nilipopita mbio siku ile kwa sababu nilikuwa nimeshampata mkosaji. Kuna mstari wa spidi. Kadi hii inaweza elfu moja. Kwa kawaida mstari huo huachwa otomatiki, kadi na ruta zikubaliane zenyewe. Yangu haiko otomatiki. Imefungwa kwenye kumi. Mtu ameifunga kwa mkono.

Hata ungeletwa mto Tana wote hadi mlangoni, kadi ile ingepitisha kumi tu. Net ya zamani ilikuwa ya kumi, kwa hiyo sikuona. Ilipokuja hamsini ndipo upungufu ukaonekana, na mimi nikatazama juu ya ukuta badala ya chini ya meza.

Nani aliifunga? Naishi peke yangu. Nikatoa shajara hii hii, nikarudi nyuma hadi mwaka jana, kabla ya msiba. Iko. Mwandiko wangu.

"Alhamisi, 2 Mei. Adey ametafuna waya wa net pale unapopita mlangoni. Mbuzi ana meno! Mama anacheka, anasema Adey anataka kuongea na jamaa zake. Nimeufunga kwa tepu lakini net inakatika kila dakika. Nimeishusha kadi hadi kumi, sasa haikatiki. NUNUA WAYA MPYA KESHO, RUDISHA KADI."

Kesho yake mama akalazwa. Jumamosi tukamzika. Sikununua waya. Baada ya arubaini nilimchinja Adey kwa sadaka, na tepu ikabaki chini ya zulia.

Sina wa kumlaumu. Nimetafuta. Hata mbuzi amekwishaliwa.

Jumamosi, 25 Januari

Waya mpya, mita nane, kutoka duka la pale sokoni. Nimeutoa ule wa zamani chini ya zulia. Alama za meno ya Adey bado zipo chini ya tepu, nayo imelegea; labda ndiyo iliyokata video ile. Nimeukunja nikauweka kwenye sanduku la mama, sijui kwa nini.

Nikachomeka mpya. Nikarudisha kadi kwenye otomatiki. Taa ndogo nyuma ya kompyuta, iliyokuwa imezimika miezi yote hii nami nikidhani imeungua, ikawaka. Elfu moja. Nikapima: arubaini na tisa.

Kazi ya robo saa. Ningeifanya wiki mbili zilizopita kama nisingekuwa na jirani wa kumshuku.

Nimerudisha paswadi ya mama. Adey, na tarakimu zake tatu. Simu ya Ubah bado inaijua, itajiunga yenyewe, haitamlazimu kuniomba. Nimeacha ukurasa wa ruta wazi. Vifaa viwili. Nimeangalia labda mara thelathini. Viwili.

Jumatatu, 27 Januari

Nimekwenda kusema.

Jana nilitunga maneno mazuri kutwa, nikatia na aya. Nilipofika kwake yote yakayeyuka. Alikuwa anachambua mchele. Nikakaa kwenye mkeka, nikasema habaryar, net haikuharibika, mimi ndiye niliyekufungia, na siku ya jina nilikuwa dirishani nakusikia.

Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema.

Anajua tangu Jumamosi ile ya kwanza. Simu ilimwandikia kwamba neno la siri si sahihi. Akaenda duka la simu, wakamwambia haina ugonjwa, mwenye ruta amebadilisha. Jumapili alipokuja mlangoni kwangu na kuuliza kama net imelala, alikuwa tayari anajua. Alikuwa ananipa mlango nitokee. Nami nikamjibu fundi hapokei simu.

Nikauliza, mbona maziwa hukuyakata? Siku zote hizo, kila asubuhi. Nililia nikiuliza.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Maziwa mimi naletea mama yako. Yeye hakuna siku alifanyia mimi mbaya."

Basi. Miezi nane nakunywa maziwa ya marehemu, nikidhani ni yangu.

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe mbele ya Mungu, na akasema kwa Kisomali ili nisikie vizuri. Nikamwambia paswadi ni ile ile ya zamani, aiwashe tu. Akasema bando linamtosha. Hakusema kwa ukali. Akanipa sinia nisaidie mchele, tukachambua hadi ukaisha.

Kusamehewa sikujua kuna uzito namna hii.

Jumanne, 28 Januari

Kidumu kilikuja. Nimekunywa. Kikombe kizima, nimesimama, kama dawa.

Vifaa viwili.

Jumatano, 29 Januari

Nimepeleka video mbili kabla ya adhuhuri. Zinaruka tu. Wateja wanashangaa, mmoja ameniita jini wa kompyuta. Sikucheka.

Nilimwandikia Bashir. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya mama. Nilimweleza yote, sikujipamba. Nilimwambia mama yake hakuchelewa, alicheleweshwa, na aliyemchelewesha ana jina. Amesoma. Hajajibu. Ana haki.

Vifaa viwili.

Alhamisi, 30 Januari

Siku nzima joto, hakuna upepo. Nimekata video ya harusi ya Jumapili, nimeanza kuipandisha baada ya alasiri. Ukurasa wa ruta uko wazi pembeni. Nimeshauzoea, sitarajii kitu.

Saa kumi na nusu nikainua macho. Vitatu.

Nilisoma jina la tatu mara mbili. Ni ile simu.

Nikasimamisha video yangu kwenye asilimia thelathini. Haikuwa na haja, najua. Hamsini inatutosha sote na kubaki. Niliisimamisha tu, nikazima na simu yangu.

Dirisha lilikuwa wazi. Ubah alikuwa uani kwake, amekaa, safari hii hazunguki. Nikasikia sauti ya Bashir safi kabisa, nikasikia mtoto analia kwa sauti ile nyembamba ya watoto wachanga. Bashir akasema kitu, na mama yake akamwambia amlete karibu, karibu zaidi.

"Dahabo," akaita. "Dahabo. Dahabo. Hapa mimi, angalia."

Hakuna aliyemsahihisha.

Kidumu cha asubuhi kilikuwa bado kwenye sinki. Nikakiosha kwa maji ya moto, nikakikausha, nikatia sukari ndani. Kisha nikangoja amalize kuongea ndipo nikipeleke.